Kumfungulia Aliyenyamazishwa

Tangu vita vilipozuka wilayani Mocímboa da Praia mwaka 2017, jamaa wengi wa Mbau wametawanyika. Kwa familia ya namna hiyo, kikundi cha Telegram ndicho baraza. Mlinzi wake huwa boti, si ya baharini hii, bali programu inyamazishayo wenye kumwaga jumbe mfululizo. Shangazi akirudiarudia salamu kwa hofu, naye hufungwa. Hawezi tena kuwaarifu kuwa yu hai. Kizuizi kipitacho siku 366 huhesabiwa cha milele, hakiishi chenyewe. Kwa boti iitwayo Rose, msimamizi na aujibu ujumbe wake wa awali kwa amri /unmute. Aliyefukuzwa kabisa, hata akisamehewa, harudi mwenyewe. Apelekewe kiungo cha mwaliko.