Mgeni wa haraka hamponyi mwenyeji

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia ni mgeni wa namna gani. Italia, nchi niliyoishi kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea nyumbani, hupokea makumi ya mamilioni ya wageni kila mwaka, na wengi wao huishia Roma, Venice na Florence. Wanashuka, wanapiga picha, wanaondoka.

Hoja yangu ni kwamba mgeni anayemponya mwenyeji ni yule anayekwenda polepole, anayelala kijijini na kununua kwa mwenye shamba. Lakini naongeza jambo ambalo wapenzi wa safari za namna hiyo hawalisemi sana: hata mgeni huyo hawezi kukiokoa kijiji ambacho wenyewe wamekihama.

Tuchukue mkoa wa Molise, ulioko mashariki ya kusini mwa Roma, kati ya milima ya Apennino na bahari ya Adriatic. Ulitengwa na Abruzzo mwaka 1963, na haujulikani kiasi kwamba Waitaliano wenyewe hutania kuwa Molise haipo. Mimi nimeuzunguka kwa basi na kwa miguu, na ninathibitisha kuwa upo.

Karibu na kijiji cha Sepino kuna magofu ya mji wa Kirumi uitwao Saepinum. Barabara kuu ya mji huo ni kipande cha njia ya kondoo iitwayo tratturo, inayotoka Pescasseroli hadi Candela, zaidi ya kilometa 200. Kwa karne nyingi wachungaji walishusha mifugo kutoka milimani kwenda tambarare za Puglia wakati wa vuli, na kuirudisha majira ya kuchipua. Njia hizo kubwa zilikuwa na upana wa mita 111, ili kondoo wale huku wakitembea.

Sasa wewe mfanyabiashara wa mpakani, sikiliza hili. Kwenye lango la Saepinum linaloelekea Boiano imechongwa barua ya karne ya 2, enzi za mfalme Marcus Aurelius. Wakubwa wa Roma wanawaonya viongozi wa miji hiyo miwili waache kuwasumbua wachungaji wa mifugo ya mfalme, waliokuwa wakikamatwa njiani kwa madai kwamba wao ni watumwa watoro na wanyama wao ni wa wizi. Nani kati yenu anayevuka na magunia yake asiyeijua habari hiyo? Baadaye, mwaka 1447, mfalme Alfonso wa Aragon aliunda ofisi ya forodha ya kondoo, iliyokuja kuwa na makao yake Foggia. Mwenye mifugo alilipa ushuru, naye akapewa malisho, ulinzi wa njia na mahakama yake. Forodha hiyo ilidumu hadi mwaka 1806. Ushuru haukupendwa hata kidogo, lakini aliyelipa alijua analipia nini.

Mambo haya huwezi kuyaona ukiwa ndani ya basi la watalii linalokimbilia mji mwingine kabla ya saa sita mchana. Huwezi pia kwenda Agnone, ambako familia ya Marinelli imekuwa ikisubu kengele za kanisa kwa karne nyingi, kwa kalibu za udongo na nta.

Upande wa fedha, Italia ina sheria ya mwaka 1985, iliyofuatwa na nyingine ya mwaka 2006, inayomruhusu mkulima kulaza na kulisha wageni shambani kwake. Sharti ni kwamba kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Shamba lisigeuzwe hoteli. Ukilala hapo, jibini unayokula imetoka kwenye zizi unaloliona dirishani, na pesa yako inaishia mkononi mwa aliyekamua. Huo ndio utalii ninaoutetea.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwaka 1951 Molise ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Leo hawafiki 300,000. Walikwenda Marekani, Argentina, Kanada, Ujerumani, na miji ya kaskazini mwa Italia. Reli ya Sulmona hadi Isernia, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilipoteza safari zake za kawaida mwaka 2011. Tangu mwaka 2014 hupita treni za watalii kwa siku maalumu. Ni treni nzuri, na mandhari yake yanapendeza. Lakini treni hiyo haimpeleki bibi kizee hospitali siku ya Jumanne. Kijiji kinachobakiwa na usafiri wa wageni tu kimekuwa makumbusho.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni Castel del Giudice, kijiji chenye watu takribani 300. Shule yake ilikosa watoto, ikageuzwa nyumba ya kutunzia wazee. Mashamba yaliyoachwa yakapandwa matofaa, na wanakijiji wenyewe wakatia fedha zao. Mazizi ya zamani yakafanywa vyumba vya kulala wageni. Angalieni mpangilio huo: kazi ya wenyeji ilitangulia, mgeni akaja kuwa mteja.

Serikali ya Italia iliutangaza mwaka 2024 kuwa mwaka wa mizizi, ikiwaalika wajukuu wa waliohama waje kuona vijiji vya babu zao. Ni jambo jema. Lakini mjukuu anayekuja kwa wiki moja bado ni mgeni. Ninyi mliorejea mnaijua tofauti kati ya kuja kusalimia na kurudi kulima.

Basi ukijaliwa kwenda Italia kwa masomo, ndugu au biashara, tenga siku tatu za kijijini. Uliza ratiba ya basi mapema, maana Jumapili unaweza kukaa kituoni hadi jioni bila kuliona. Lala kwa mkulima, lipa bei yake bila kumkandamiza. Na ukiwa hapo usiulize tu kuna nini cha kutazama. Uliza nani amebaki, nani amerudi, na wanaishi kwa kazi gani. Majibu yao yatakufaa zaidi ya picha utakazorudi nazo.