Kufunga ukurasa si kutoka: Mfanyabiashara wa mpakani alinde tiketi yake

Asubuhi ya siku ya soko, katika maduka ya fotokopi na kompyuta yanayozunguka Soko Kuu la Mbale, foleni huwa ya watu wanaofanana. Yupo anayetaka kuchapishiwa PRN kabla ya kwenda benki kulipa ushuru. Yupo anayetaka ritani yake ya kodi ijazwe kabla tarehe haijapita. Yupo anayesubiri ankara ya EFRIS ili lori la maharage lianze safari ya kwenda Lwakhakha. Huko Jinja hali ni hiyohiyo, tofauti ni kwamba mizigo ya kule huelekea Iganga, kisha Busia au Malaba.

Wengi wa watu hao hawagusi kompyuta. Humtajia kijana wa duka TIN na neno la siri, naye huingia kwenye akaunti kwa niaba yao. Kazi ikiisha, kijana hubofya alama ya msalaba kwenye pembe ya ukurasa, hupokea malipo yake, na mteja huondoka akiamini kwamba mlango umefungwa.

Mara nyingi mlango haujafungwa. Hapo ndipo penye hatari ambayo semina za wafanyabiashara hazielezi vya kutosha. Kila mara watu huambiwa watunge neno la siri gumu, lenye herufi kubwa, namba na alama. Ushauri huo si mbaya, lakini unalinda nusu tu ya safari. Nusu ya pili huanza pale mtu anapokwisha kuingia.

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kuanza na namna tovuti inavyomtambua mtu. Tovuti haina kumbukumbu. Kila mtumiaji anapobofya kitufe, kompyuta kubwa iliyo upande wa pili, yaani seva, hupokea ombi hilo kana kwamba halijawahi kuonana naye. Kama mambo yangebaki hivyo, mtu angelazimika kuandika neno la siri kwa kila ukurasa anaoufungua. Mwaka 1994 mhandisi Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, Marekani, alibuni njia ya kuondoa usumbufu huo. Seva ikishathibitisha neno la siri, humpa mtumiaji kipande kidogo cha maandishi kinachoitwa kuki, nacho hukaa ndani ya kivinjari cha kompyuta anayotumia. Siku hizi kuki ya namna hii huwa na namba ndefu isiyoweza kubahatishwa. Kila ombi jipya linapotumwa, kivinjari huionyesha namba hiyo kimyakimya. Muda wote ambao namba hiyo inakubalika ndio unaoitwa kikao.

Mchuuzi yeyote wa sokoni anaujua utaratibu huu, ila kwa jina jingine. Asubuhi mtoza ushuru hupokea fedha na kutoa tiketi ya siku. Tangu hapo hakuna anayemuuliza mchuuzi jina lake wala kitambulisho chake. Akionyesha tiketi, inatosha. Tiketi hiyo ikiokotwa na mtu mwingine, naye atauza siku nzima bila kulipa, kwa sababu mlinzi hutazama karatasi, hatazami uso. Seva nayo haitazami uso. Anayeshika namba ya kikao ndiye mwenye akaunti, hata kama hajawahi kulijua neno la siri.

Kwa hiyo, kubofya msalaba kwenye pembe ya ukurasa ni sawa na mchuuzi kugeuka na kuondoka huku tiketi yake imebaki mezani. Tovuti nyingine hutupa tiketi kivinjari kizima kinapofungwa, nyingine huifuta baada ya dakika kadhaa za kimya, nyingine huihifadhi kwa siku au wiki. Mtumiaji hawezi kujua kwa kuangalia tu. Kitendo cha uhakika ni kimoja: kubofya neno la kutoka, ambalo kwenye tovuti iliyojengwa vizuri huiambia seva iifute namba ile, isifae tena kwa yeyote.

Kwa nini wafanyabiashara waangalifu kiasi hiki, watu wanaohesabu shilingi ya Uganda na ya Kenya kwa wakati mmoja bila kukosea, wanajikuta katika mtego huu? Sababu moja ni kwamba simu imewazoesha tabia nyingine. Kwenye menyu ya pesa za simu, kila malipo huomba namba ya siri upya, na mtu akikaa kimya kidogo, menyu hukatika yenyewe. Aliyetumia menyu hiyo kwa miaka mingi hujenga imani kwamba mashine ikinyamaza, imemsahau. Tovuti haiko hivyo. Huuliza mara moja, kisha humwamini mtu huyo katika kila anachokifanya hadi kikao kife.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ni mfano unaowagusa wengi zaidi. Mteja anayetaka kuchapisha cheti cha asili ya bidhaa alichotumiwa kwa simu huelekeza kamera kwenye skrini ya duka, mazungumzo yake yakafunguka pale, karatasi ikachapishwa, akaenda zake. Asipotoka, kompyuta ile inaweza kuendelea kupokea ujumbe wake: bei anazopatana na mnunuzi wa Bungoma, picha za risiti, namba za akaunti za benki. Dawa iko ndani ya simu yake mwenyewe. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa huonyesha kila kompyuta iliyobaki wazi, na kila moja inaweza kuondolewa kwa mguso mmoja. Mfanyabiashara anayefungua orodha hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kukuta kompyuta ambazo hata hazikumbuki.

Kuna mtego wa tatu, nao ni mbaya kuliko yote: barua pepe. Mtu anapojisajili kwenye mfumo wowote, huombwa anwani ya barua pepe. Asiyekuwa nayo hutengenezewa na kijana wa duka, na neno la siri la barua pepe hiyo hubaki kwenye daftari la duka. Huenda baadaye mwenye TIN akabadilisha neno la siri la akaunti yake na kuona amejilinda. Lakini yeyote aliye na barua pepe anaweza kubofya sehemu ya waliosahau, akapokea kiungo, na kuweka neno jipya analolitaka yeye. Mwenye barua pepe ndiye mwenye ufunguo wa akiba wa nyumba nzima. Na hata pale neno la siri linapobadilishwa, si kila mfumo huvunja vikao vilivyokwisha kufunguliwa. Aliyekuwa ndani anaweza kuendelea kukaa ndani.

Wapo watakaosema hizi ni hofu za bure, kwamba hakuna mwizi anayehangaika na TIN ya mama muuza vitunguu. Historia ya Uganda inajibu vingine. Mwaka 2012 polisi waliwakamata watu waliokuwa wakiingia katika mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato, URA, kwa kutumia majina na maneno ya siri ya watumishi wa mamlaka hiyo. Mwaka 2013 Mahakama ya Kupambana na Rushwa mjini Kampala iliwatia hatiani kwa kutumia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Funzo la kesi ile ni kwamba hawakuhitaji kuvunja mlango. Walipita mlangoni kwa jina la mtu mwingine, na mfumo ukaandika jina hilo. Kisha Oktoba 2020, kuvamiwa kwa mfumo wa kampuni inayounganisha benki na mitandao ya simu kulizifanya benki na kampuni kubwa za simu nchini kusimamisha kwa muda uhamishaji wa fedha kati ya benki na simu. Wafanyabiashara waliokuwa njiani siku hizo wanakumbuka adha yake.

Kinachopaswa kumtisha mfanyabiashara mdogo ni swali la nani atawajibika. Kompyuta ya serikali haimjui kijana wa duka. Inaijua TIN. Ankara ikitolewa kwa TIN hiyo, ni ya mwenye TIN. Ritani ikijazwa tarakimu za uongo, ni yake. Namba ya simu ikibadilishwa ili ujumbe uende kwingine, mfumo utasema yeye ndiye aliyeibadilisha. Atakayesimama mbele ya ofisa akieleza kwamba hakufanya hayo atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha, hasa akiulizwa ni watu wangapi wanalijua neno lake la siri.

Hata hivyo, si haki kumtupia mfanyabiashara lawama zote. Mifumo hii ilibuniwa kwa kumfikiria mtu mwenye kompyuta yake, ofisi yake, umeme wa uhakika na Kiingereza cha kutosha. Mtu huyo si mteja wa kawaida wa soko la Mbale. Mteja wa kawaida hufanya kazi kupitia mtu mwingine, na ataendelea kufanya hivyo kwa miaka mingi. Kumwambia asimpe mtu yeyote neno la siri, bila kumpa njia nyingine ya kusaidiwa, ni kumwambia afunge biashara.

Njia ipo. Sheria ya Uganda inamtambua wakala wa kodi aliyesajiliwa, na forodha inamtambua wakala wa mizigo mwenye leseni. Wazo hilo linapaswa kushushwa hadi kwa msaidizi wa chini kabisa. Mwenye TIN aweze, kwa simu yake, kumruhusu kijana fulani kufanya kazi moja, kwa siku moja, kijana huyo akiingia kwa jina lake mwenyewe. Akitoa ankara, mfumo uandike kwamba fulani ameitoa kwa niaba ya fulani. Hapo neno la siri halitatajwa kwa sauti mbele ya foleni, na likitokea kosa, itajulikana mkono wa nani ulibofya. Kijana mwaminifu naye atalindwa, kwa kuwa leo kosa la mwingine linaweza kumwangukia yeye kwa sababu tu daftari liko kwake.

Jambo la pili linahusu muda wa vikao. Wataalamu wa usalama hupenda vikao vifupi, vinavyokufa baada ya dakika chache. Kwenye mji ambao umeme hukatika na intaneti huburuta miguu, kikao kifupi humtupa mtu nje akiwa katikati ya fomu, akaanza upya na kulipia muda mara mbili. Busara ni kutenganisha mambo. Kujaza fomu kuachwe kuendelee, na kazi iliyojazwa ihifadhiwe hata kikao kikifa. Lakini kubadilisha namba ya simu, barua pepe au akaunti ya benki kuombe uthibitisho upya kila mara, kama menyu ya pesa za simu inavyofanya. Na kila akaunti inapofunguliwa kwenye kompyuta mpya, mwenyewe apate ujumbe wa simu.

Ujumbe huo uandikwe kwa lugha gani? Hapa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapaswa kujitazama. Mfanyabiashara wa Mbale anayeuza Bungoma anaweza kuwa na laini mbili, akaunti katika nchi mbili na namba za utambulisho mbili, lakini mkononi ana simu moja. Akiwa ng'ambo amechomeka laini ya Kenya, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye laini ya Uganda iliyobaki kwenye mkoba. Ndipo anapoiweka kwenye akaunti namba ya ndugu, ya dereva, au ya kijana wa duka. Mipaka ya Busia na Malaba imekwisha kuunganishwa ili ukaguzi wa nchi mbili ufanyike chini ya paa moja. Hakuna sababu mifumo ya kuingia ishindwe kumruhusu mtu kusajili laini zake mbili za nchi mbili, na kumwandikia tahadhari kwa Kiswahili anachokitumia sokoni kila siku.

Mpaka hayo yatimizwe, mfanyabiashara asingoje. Yapo mambo manne anayoweza kuyafanya bila kulipa shilingi. Kabla ya kuondoka dukani, asimame mpaka aone ukurasa umerudi pale panapoombwa jina na neno la siri. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno la siri, jibu liwe hapana. Barua pepe iliyo kwenye akaunti iwe yake, ifunguke kwenye simu yake, na neno lake la siri lisifanane na la akaunti ya kodi. Na mara moja kwa wiki afungue orodha ya vifaa vilivyounganishwa, aondoe asichokitambua.

Wenye maduka ya kompyuta wa Jinja na Mbale nao wana nafasi ya kujijengea jina. Duka litakalobandika ukutani kwamba daftari la maneno ya siri limechomwa, na kwamba kila mteja ataonyeshwa jinsi ya kutoka kabla hajalipa, litavuta wateja kuliko lile linalopunguza bei ya kuchapisha kwa shilingi mia moja. Mchuuzi hatupi tiketi ya soko ovyo kabla jua halijazama. Ya kwenye kompyuta inabeba jina lake na kodi yake, nayo inastahili uangalifu zaidi ya huo.