Mbwa wa msasi bila msasi

Wahenga walinena kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Waliosema hivyo walikuwa na njia rahisi ya kumpima mbwa. Alfajiri walimpeleka porini pamoja na msasi wake, na jioni wakatazama kilichoning'inia begani mwa bwana. Hapakuwa na haja ya kumwita mtu aje kuamua.

Sasa hebu mfikirie mwamuzi anayetakiwa kumpima mbwa huyo huyo bila pori, bila kwale, bila bunduki, na msasi mwenyewe hayupo. Alicho nacho ni kiwanja cha nyasi kilichozungushiwa kamba, dakika mbili tatu kwa kila mbwa, macho yake na mikono yake miwili. Hiyo ndiyo kazi ya mwamuzi katika maonyesho ya mbwa wa nasaba, linapofika zamu yake lile kundi ambalo Waingereza huliita la mbwa wa bunduki, yaani mbwa waliozalishwa kwa ajili ya kuwinda ndege. (Ndege wa mabawa ya manyoya, bila shaka, si wale wanaotua JKIA. Hao wa JKIA tutawafikia.)

Hapa Nairobi maonyesho hayo huandaliwa na East Africa Kennel Club katika uwanja wa Jamhuri, kando ya barabara ya Ngong. Ukitoka huku kwetu Tassia ni safari ya matatu mbili, na ukifika utadhani umeingia nchi nyingine. Hata hivyo uwanja wenyewe si mgeni kwa watu wa Eastlands. Ndio ule ule wa maonyesho ya kilimo, tulikopelekwa na walimu wetu tukiwa tumeshikana mikono, tukaona fahali wenye shingo kama mapipa.

Nawataja ng'ombe makusudi. Mwamuzi wa ng'ombe wa maziwa naye hutazama miguu, mgongo na kiwele, lakini akikosea kuna mizani ya kumsuta. Maziwa hupimwa kwa kilo asubuhi na jioni, na ng'ombe mrembo asiyetoa kitu hujulikana wiki hiyo hiyo. Mbwa wa kuwinda ndege hana mizani ya namna hiyo pale Jamhuri. Mwamuzi akimpa utepe mbwa asiyefaa, hakuna atakayejua mpaka watoto wa mbwa huyo, na wajukuu zake, waanze kuchechemea.

Kundi lenyewe lina kazi nne. Kuna pointa, ambaye akinusa ndege kwenye majani husimama kama sanamu, pua ikielekea alipo. Kuna seta, ambaye hufanya hivyo hivyo lakini kwa kuinama, na ana nywele ndefu. Kuna spanieli, mfupi, mwenye masikio marefu, ambaye kazi yake ni kuingia kichakani na kuwafurumusha ndege waruke. Halafu kuna ritriva, ambaye hungoja kimya mpaka bunduki ilie, kisha huenda kumleta ndege aliyeanguka, majini au nchi kavu, bila kumtoboa ngozi. Labrador ni mmoja wa ritriva hao. Mababu zake walitoka kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, walikokuwa wakiwasaidia wavuvi, na klabu ya mbwa ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka wa 1873, ilimtambua rasmi mwaka wa 1903.

Kila aina ina maandishi yanayoeleza mbwa kamili awe vipi, na mwamuzi hutakiwa kuyajua kwa moyo. Kwa Labrador, dume awe na urefu wa sentimita 56 hadi 57 begani, jike 55 hadi 56. Mkia uwe mnene shinani na mwembamba nchani, kama wa fisi maji, kwa sababu ndio usukani wake akiogelea. Nywele ziwe fupi na ngumu kwa nje, na chini yake pawe na manyoya laini yanayozuia maji yasifike ngozini. Rangi ni tatu: nyeusi, ya manjano na ya chokoleti. Zote ni sawa mbele ya mwamuzi.

Ukisoma maandishi hayo bila kuifikiria kazi, yataonekana kama masharti ya mashindano ya urembo. Yasome tena ukimfikiria mbwa anayeingia kwenye maji ya barafu kumfuata bata. Kila sentensi ina sababu.

Tazama sasa mambo yanavyokwenda uwanjani. Mbwa huingia pamoja, kila mwenye mbwa akiwa na nambari mkononi. Mwamuzi wa mtindo wa Kiingereza haruhusiwi kuangalia kitabu chenye majina kabla hajamaliza kazi. Anaona nambari tu, wala hatakiwi kujua huyu ni mtoto wa bingwa gani. Nadhani hii ndiyo sababu mojawapo ya kualika waamuzi kutoka nje. Katika nchi ambayo wafugaji wa aina moja wanaweza kutosha kwenye matatu moja, mwamuzi wa hapa hapa hahitaji kitabu, anawajua wote na shangazi zao.

Mbwa huzungushwa kwanza, kisha mmoja mmoja huja mbele. Mwamuzi huanza na kichwa. Hufungua midomo na kutazama meno, ambayo mbwa mzima anayo 42, akihakikisha kwamba ya juu yanafunga mbele kidogo tu ya yale ya chini, kama makali ya mkasi. Ritriva mwenye taya lililopinda atambebaje kanga mzima? Hutazama macho. Halafu mikono hushuka shingoni hadi bega, na hapo, msomaji, ndipo mwamuzi mzuri hukawia.

Mfupa wa bega ukilala vyema kuelekea nyuma, mguu wa mbele hufika mbali na mbwa hukimbia siku nzima bila kuchoka. Mfupa ukisimama wima, hatua huwa fupi, na kila anapotua uzito wote hugonga mifupa. Jicho la mgeni halioni tofauti hiyo mbwa akiwa amesimama, hasa akiwa na nywele ndefu zilizochanwa kwa ustadi. Vidole huiona. Vidole hivyo hivyo huendelea hadi mbavuni na kubonyeza, kwa maana mafuta ni mwongo mkubwa. Mbwa aliyelishwa kupita kiasi huonekana ana kifua kipana na mgongo imara, kumbe ni shahamu. Dume hupapaswa pia kuhakikisha kwamba makende yote mawili yameshuka. Wageni hucheka wakiona hivyo. Wafugaji hawacheki.

Mwisho ni mwendo. Mbwa huenda akimpa mwamuzi mgongo, kisha hurudi akimwelekea, halafu huzunguka ili aonekane ubavu. Nyonga mbovu huweza kufichwa mbwa akiwa amesimama, lakini ni vigumu kuificha akikimbia.

Yapo mambo ambayo hakuna vidole vinavyoweza kuyafikia: pua, ulaini wa kinywa, na moyo wa mbwa bunduki inapolia. Waingereza wenyewe wanalikiri hilo, na njia waliyoitumia inanipendeza. Mbwa wa aina nyingi nyingine akipata vyeti vitatu vikubwa kutoka kwa waamuzi watatu tofauti huitwa bingwa, basi. Mbwa wa bunduki akipata vitatu hivyo huitwa bingwa wa maonyesho tu. Ili neno "maonyesho" liondolewe lazima athibitishe porini kwamba anaweza kazi. Jina lake hubeba habari kamili: huyu ni mzuri, lakini bado hatujamwona akifanya kitu. Laiti vyeti vingine humu duniani vingeandikwa namna hiyo!

Kwetu Kenya pori lenyewe limepungua. Walowezi ndio walioleta pointa na spanieli kwa ajili ya kanga, kwale na bata. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, ukabaki ule wa ndege kwa leseni, na walioufanya walikuwa wachache. Kwa hiyo mbwa wengi wa kundi hili wanaofugwa Nairobi hawajawahi kubeba hata njiwa. Mwamuzi pale Jamhuri anasoma kwenye mifupa kazi ambayo mbwa mwenyewe haijui.

Mtu anaweza kuuliza kama kazi imekwisha, si heri tuchague uzuri tu? Walikojaribu hivyo yamewakuta. Mwaka wa 2008 BBC ilionyesha filamu iliyofichua jinsi mbwa wa nasaba walivyokuwa wakiteseka kwa maradhi ya kurithi huku wakishinda makombe, na mwaka uliofuata shirika hilo likaacha kutangaza Crufts, maonyesho makubwa kabisa ya Uingereza, yaliyoanza mwaka wa 1891. Mwaka wa 2012 madaktari wa mifugo walianza kuwakagua washindi wa aina fulani palepale Crufts. Washindi wa aina sita walizuiwa kuendelea, na mmoja wao alikuwa spanieli wa aina ya Clumber. Mwamuzi alikwisha kumpa ushindi. Daktari akasema hapana.

Labrador naye ana mzigo wake. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba kiasi cha robo ya Labrador waliochunguzwa wana kasoro katika jeni moja inayowafanya wawe na njaa na wanenepe. Huyu ndiye mbwa tunayemfungia kwenye roshani ya ghorofa ya nne na kumwachia mabaki ya ugali.

Hapo ndipo habari ya Jamhuri inapotufikia sisi wa Tassia. Familia nyingi za mitaa hii zikimtaka mbwa siku hizi hazitaki wa kawaida, zinamtaka Labrador, ambaye watoto wamemwona kwenye runinga. Muuzaji wa mbwa barabarani anafahamu hilo. Ana katoni, ndani mna vitoto vinne vinavyolala, na kila kimoja, kwa kauli yake, ni Labrador halisi. Mnunuzi huuliza rangi kwanza. Kumbuka rangi ndilo jambo ambalo mwamuzi halihesabu kabisa. Na kwa wapenzi wa chokoleti, utafiti uliotolewa mwaka wa 2018 juu ya Labrador wa Uingereza uliona kwamba wale wa chokoleti waliishi kiasi cha miaka 10.7, ilhali wenzao wa rangi nyingine walifika 12.1.

Muulize muuzaji maswali ya mwamuzi. Mama yake yuko wapi, na anatembeaje? Cheti cha nasaba kiko wapi, na kimesajiliwa na nani? Je, nyonga za wazazi zilipigwa picha ya eksirei? Kwa kipimo cha Uingereza nyonga mbili huhesabiwa kutoka 0 hadi 106, na kadiri hesabu ilivyo ndogo ndivyo nyonga zilivyo bora. Mfugaji wa kweli atakuonyesha karatasi kabla hujamaliza swali. Mwenye katoni atakumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine upande wa pili wa Outering.

Binafsi sioni sababu ya kumtesa Labrador kwenye vyumba viwili vya Tassia, mahali ambapo hata watoto hucheza kandanda kwa zamu kwa kukosa kiwanja. Mbwa aliyeumbwa kwa kilomita nyingi za matope hatosheki na ngazi. Mbwa koko wa mtaani, aliyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, anaijua Tassia vizuri zaidi, na habagui ghorofa. Lakini najua barua zitakuja.

Wale mnaodhani mbwa wa bunduki amebaki bila kazi, tazameni upande wa pili, kule JKIA. Spanieli na Labrador ni miongoni mwa mbwa wanaotegemewa sana duniani kwa kunusa mizigo. Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, limekuwa likitumia mbwa kunusa pembe za ndovu katika uwanja huo wa ndege, na karibu na Arusha, huko Usa River, mpango wa African Wildlife Foundation umekuwa ukifunza mbwa na washikaji wao kwa kazi hiyo hiyo. Pua iliyoumbwa kwa ajili ya kwale imepata sanduku la abiria. Hatua ndefu ya bega na mgongo usiochoka vinahitajika hapo pia, kwa sababu mizigo ya uwanja wa ndege haiishi.

Ukienda Jamhuri, chukua watoto, uwaweke kwenye pembe ya kiwanja ambapo mbwa hurudi wakimwelekea mwamuzi. Waambie wasitazame nywele. Watazame miguu ya mbele kama inakuja sawasawa au inatupwa nje, na mgongo kama unatulia au unayumba. Wachague mshindi wao kabla mwamuzi hajanyoosha mkono, halafu wabishane naye wakirudi nyumbani kwenye matatu.