Pumzi ya Injini na Kopo la Mpwa Wangu

BARAZANI KIBETA
Na Mwalimu Sulemani Rwegasira

Katika masika yaliyopita, mvua ikiwa imekaa juu ya Kibeta kama mgeni ambaye hakuna mwenye ujasiri wa kumuuliza ataondoka lini, gari langu, Subaru Forester lenye tabo, lililokwisha kuzeeka Japani kabla ya kuja kuzeekea kwetu, lilianza kutoa moshi wa samawati kila nilipolipandisha kutoka mjini kurudi nyumbani. Nililipeleka katika gereji ambayo sitaitaja jina, maana mwenyewe tunasali msikiti mmoja. Na fundi, baada ya kutia kidole ndani ya mpira unaoingia kwenye tabo na kukitoa kimelowa oili, akatoa hukumu papo hapo, kama kadhi aliyekwisha kuwasikia mashahidi wote: tabo imekufa, nunua nyingine. Bei aliyoitaja ilimfaa mwenye shamba kubwa la kahawa, wala si mwalimu mstaafu.

Nyumbani nikamkuta mpwa wangu, kijana ambaye tangu utoto hakuacha kitu chenye skrubu bila kukifungua. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mjomba waitu, usinunue kitu kwanza. Tutazame injini inapumuaje.” Akafungua klampu mbili, akauchomoa mpira mmoja mweusi wa urefu wa mkono, akaukamua mbele yangu, na ndani yake ukatoka ute wa manjano, mzito kama mtindi uliosahauliwa mtunguni. Njia ya pumzi ilikuwa imeziba. Tuliusafisha mpira na vali yake, tukaurudisha, na baada ya siku tatu moshi ukaisha. Tabo iliyotangazwa kufa ingali inafanya kazi hadi leo ninapoandika.

Yafaa nimweleze msomaji asiye fundi jambo lenyewe, naye anivumilie, kwa kuwa miaka yangu mingi niliyofundisha kemia imeniachia maradhi ya kueleza. Ndani ya injini, kila petroli inapoungua juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi ile, hata injini iwe mpya namna gani, hupenya pembeni mwa ringi na kuteremkia katika sanduku la chini ambamo krankshafti huzunguka. Na gesi hiyo, iliyo mchanganyiko wa moshi, petroli isiyoungua, mvuke wa maji na asidi, isipopewa njia ya kutokea hujitafutia njia yenyewe, ama kwa kusukuma sili mpaka zivuje, ama kwa kukitupa nje kile kijiti cha kupimia oili, ama kwa kuigeuza oili yenyewe kuwa tope. Mafundi wetu wana neno lao kwa injini itoayo pumzi kupita kadiri, husema “inapumua”, na mteja alisikiapo neno hilo huanza kuhesabu fedha za kushusha injini.

Magari ya zamani yalikuwa na bomba lililoning’inia chini, likiimwaga pumzi hiyo barabarani bila haya. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha California, ndiye aliyebainisha, takriban mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba ukungu uliokuwa ukiwawasha watu wa Los Angeles macho ulikuwa ni moshi na mvuke wa petroli uliopikwa na jua; na kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa katika jimbo hilo, pumzi ya injini ikaanza kurudishwa ndani ili iungue mara ya pili, kwa kupitia vali ndogo isiyozidi kidole gumba.

Sasa, mambo hayo huwa sahala katika injini isiyo na tabo, kwa maana manifoldi yake, yaani mabomba ya kuingizia hewa, huvuta karibu daima, na vali ile hufyonza pumzi bila udhia. Tabo, ile feni izungushwayo na moshi ili kuisukumia injini hewa, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, iliyageuza yote hayo. Manifoldi ya injini yenye tabo ina tabia mbili: uendapo polepole huvuta, na ukanyagapo mafuta mlimani husukuma. Inapovuta, pumzi hupita katika vali. Inaposukuma, vali hulazimika kufunga, na pumzi hutoka kwa mpira wa pili, ule uendao kwenye mdomo wa tabo. Vali ikichakaa ikashindwa kufunga, shinikizo la tabo huteremkia katika sanduku la oili, na hapo sili zote hulia. Fauka ya hayo, oili inayoipaka tabo hairudi chini kwa pampu, bali kwa uzito wake wenyewe. Chini kukiwa na shinikizo, oili haiteremki, hujaa mumo humo na kuvujia upande wa hewa na upande wa moshi. Hiyo ndiyo siri iliyomponza fundi wa kwanza. Aliiona oili, nayo ilikuwepo kweli, akaishitaki tabo, ilhali mwenye taksiri alikuwa mpira.

Baada ya kuuzibua mpira, kijana akaja na wazo la kopo la kuinasa oili njiani. Wenye magari ya mashindano wamelijua kopo hilo siku nyingi. Kanuni za shirikisho la kimataifa, FIA, hulitaka gari ambalo pumzi yake hutoka wazi libebe chombo cha kukamatia oili, cha lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na cha lita 3 kwa iliyozidi. Na injini yangu, nisameheni ghururi hii, ni ya ukoo uleule wa silinda nne zilizolala ubavu uliokuwa katika Subaru Impreza ya Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997, ukoo ambao, kwa kulala kwake, oili hukimbilia kwenye mipira ya pumzi kila gari linapokata kona kwa nguvu. Kopo hukaa katikati ya safari ya pumzi: gesi huingia, hugonga ukuta wa ndani, hupoa, oili na maji hudondoka chini, na kilichobaki huendelea na njia yake kuingia injini, kikiwa hakiichafui tena intakula, kile kipoza hewa ya tabo, wala hakiipunguzii petroli uwezo wake wa kuvumilia mgandamizo bila kugonga.

Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kopo la aluminiamu lenye ukuta ndani, nasi tukaanza kukosea. Kwanza tuliliweka kwenye mpira wa vali peke yake, kisha tukashangaa mpira wa pili kuendelea kulowa, maana mlimani ndiko oili iliko nyingi na mlimani vali imefunga. Kisha mpwa wangu akataka kulijaza stilwaya tunayosugulia masufuria, nikamzuia. Waya ule hukatika vipande, na kipande kikifyonzwa kuelekea tabo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, msiba wake hauna sanda. Kosa la tatu lilikuwa langu. Kwa iktisadi isiyo na hikima nilinunua sokoni mpira wa kumwagilia bustani, badala ya ule unaostahimili oili na joto, nao ukatutumikia wiki mbili, mpaka siku tuliyokuwa tukienda Muleba kupitia Kemondo, ukalainika, ukajikunja kwenye kona yake, ukaiziba njia ileile tuliyoizibua. Tulipofunua boneti karibu na Muhutwe, kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimetoka mahali pake, kimeegemea pembeni kama mtu aliyeudhika. Kijana hakunilaumu kwa neno hata moja, na kimya chake kilinitosha.

Wako wanaonena kwamba kazi kama hii haifai kufanyiwa uani, iachiwe gereji. Siwaafiki. Ni kazi ya mipira, klampu na subira, na mwenye gari aliyeifanya kwa mkono wake huijua injini yake kuliko fundi mwenye magari kumi yanayomngoja. Ila kuna masharti. Kabla ya yote aiache injini ikiunguruma polepole, afungue kifuniko cha oili, na aweke karatasi nyepesi juu ya tundu: ikivutwa taratibu, njia ni salama, ikirushwa, basi ama njia imeziba ama ringi zimechoka, na mwenye ringi zilizochoka apime mgandamizo wa silinda kwanza, kwani kopo halitibu ringi, huficha ugonjwa tu mpaka ukomae. Wala asiiachie pumzi hewani kwa kuukata mpira na kuufunga kichujio kidogo cha kupendeza: kompyuta ya gari huipima hewa iingiayo mlangoni, na hewa iingiayo kwa dirisha ambalo haikuambiwa huifanya ikosee hesabu ya petroli.

Wenye dizeli, wa Hilux na Land Cruiser, wawe na hadhari maradufu. Injini ya dizeli yaweza kuungua kwa oili yake yenyewe. Ikifyonza nyingi kwa mpira wa pumzi hukimbia bila kutii ufunguo, na haizimiki mpaka inyimwe hewa. Kopo lililojaa bila kumwagwa ni mlango wa balaa hiyo.

Hapo hali ya kwetu inaingia. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na huku Kibeta ukungu hutulalia aghalabu hadi saa mbili asubuhi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa maji yanayokaribia lita moja, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulisadiki hata nilipoandika hesabu yake ubaoni. Mengi hutoka kwa ekzosti. Machache hupenya pamoja na pumzi, na katika gari linalokwenda sokoni na msikitini tu, dakika kumi kwenda na kumi kurudi, injini haipati joto la kuyakausha, ndipo yanapochanganyika na oili yakawa mtindi ule. Kwa hiyo kijitabu cha Kijapani au cha Kizungu kinachosema kopo limwagwe kila oili inapobadilishwa hakikuandikwa Kibeta. Masika mimi humwaga kila juma, na mara moja kwa juma gari huenda hadi Kemondo na kurudi, likapata joto la haki.

Lililobaki ni la ujirani, nalo nalisema bila kuuma maneno. Gereji bubu zetu hukata mpira wa pumzi na kuufunga chupa ya maji ya kunywa kwa waya, karibu na ekzosti iliyo nyekundu kwa joto, na chupa isipoyeyuka na kuwaka hujaa na kumwagwa kibanjani, chini ya migomba ya ndizi tunazokula. Mvua ya jioni huyachukua machafu hayo mpaka mto Kanoni, na Kanoni huyapeleka ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004, oili haijaisoma.

Jumamosi iliyopita nililifungua kopo langu hapa barazani. Mlikuwa na maji ya kahawia nusu kikombe, yananuka petroli, na juu yake oili ya kijiko kimoja. Nimeyatia katika dumu pamoja na oili chakavu ya miezi sita, na dumu limejaa, liko bandani. Anayemjua mtu hapa Bukoba anayepokea oili chakavu kwa utaratibu unaoaminika, na aniandikie.