MSHAHARA WETU UNALALA WAPI?



Nina swali moja, na kila mtu ajijibu mwenyewe moyoni kabla ya kuendelea kusoma. Mshahara wako ukitoka, unakwenda kulala wapi?

Mwisho wa mwezi ukipita Moi Avenue jioni utatuona. Tumejipanga mstari mbele ya mashine ya pesa, nguo bado zina mafuta ya karakana. Mmoja anatoa elfu tatu za unga na nauli, mwingine anatoa kodi ya nyumba Kawangware, mwingine ya Kangemi, mwingine anakimbilia gari la moshi la Kikuyu kabla halijaondoka. Mashine inakata ada yake. Siku ya tano hakuna kitu ndani. Siku ya kumi na tano tunakopa kwa simu. Siku ya ishirini tunakwenda kwa mwenzetu anayekopesha mia kwa ishirini, naye anatungoja mlangoni siku ya mshahara kama askari. Halafu tunaitwa watu wasiojua kuweka akiba.

Mimi nilikuwa katika mstari huo miaka tisa. Mshahara wangu wote ulipita katika benki moja kubwa hapa mjini. Mtoto wangu alipopata nafasi ya sekondari nikaenda kuomba shilingi 80,000. Nikaambiwa nilete karatasi ya mshahara, barua ya mkubwa wa kazi, na karatasi nyingine ambazo wao wenyewe walikuwa nazo. Shule ikafunguliwa, mtoto akakaa nyumbani wiki mbili. Mkopo ulipotoka nikapokea pungufu, kwa kuwa wamekata ada ya kuandika, ada ya bima, na ada nyingine sikuielewa. Nikamwuliza kijana wa mezani, "Mbona nalipa riba ya pesa ambazo sikuzipokea?" Akanijibu kwa adabu sana, "Mzee, ndivyo kompyuta ilivyo." Mimi sijafika miaka arobaini, lakini siku ile nilizeeka kweli. Jina la benki hiyo silitaji. Nisemayo ni juu ya desturi, wala si juu ya mlango mmoja.

Sasa tuangalie desturi hiyo. Pesa zetu zikiwa ndani ya benki hatulipwi kitu, au tunalipwa kidogo sana. Benki inazichukua, inaikopesha Serikali na matajiri, na zinazobaki inatukopesha sisi wenyewe. Mwaka 2024 wastani wa riba ya mikopo ya benki katika Kenya ulipita asilimia 16 kwa mwaka. Faida inakwenda kwa wenye hisa. Mimi ninayeweka mshahara pale kila mwezi sina kura, sialikwi mkutanoni, wala siwezi kuuliza mkurugenzi analipwa kiasi gani.

Wengine watasema Serikali ituwekee sheria. Sheria iliwekwa! Septemba 2016 riba ilifungwa isizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zilifanya nini? Zikamfungia mlango mtu mdogo, zikanunua dhamana za Serikali, na Novemba 2019 sheria hiyo ikafutwa. Na mtu mdogo alipokimbilia simu alikuta nini? M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima, umelipa shilingi 90 kwa kila mia. Ndugu, mngoja kuokolewa na mtu mwingine hungoja sana.

Njia yetu ni chama cha akiba na mikopo, ambacho sote tunakiita Sacco. Sisemi juu ya Sacco za matatu, ambazo nyingi ni za kuongoza magari. Nasema juu ya chama ambacho wafanya kazi wanaweka akiba pamoja, wanakopeshana wenyewe, na faida inarudi kwao kama gawio la hisa na faida ya akiba. Humo mwenye elfu tano na mwenye milioni moja wana kura moja moja. Benki hawawezi kukubali jambo hilo hata kwa ndoto.

Tufanye hesabu. Mimi sikupita shule ya msingi ya misheni, lakini hesabu ya riba padri alitufundisha kwa kiboko. Chukua mkopo wa shilingi 120,000, miezi 24, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kama Sacco nyingi zinavyofanya. Kila mwezi unarudisha 5,000 za deni. Mwezi wa kwanza riba ni 1,200, wa pili 1,150, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho ni shilingi 50. Jumla ya riba ni 15,000. Sasa mkopeshaji mwingine anakuambia naye ni asilimia 1 kwa mwezi, lakini anaihesabu juu ya mkopo wote wa kwanza mpaka siku ya mwisho. Hapo unalipa 1,200 mara 24, yaani 28,800. Maneno ni yale yale, mfuko wako ni mwingine. Kwa hiyo usiulize tu "riba ni ngapi?" Uliza "riba ni ya deni lipi?"

Watu wengine wanadhani ushirika ni mchezo wa maskini. Wanakosea. Chama cha kwanza cha ushirika katika Kenya kilianzishwa mwaka 1908 na walowezi Wazungu pale Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion, kando ya reli hii hii yetu. Wao waliona mapema kwamba mkulima peke yake huuza kwa bei ya mnunuzi. Mwafrika alipata nafasi pana ya kuandikisha vyama vyake baada ya sheria ya mwaka 1945. Tembea leo Haile Selassie Avenue kutoka stesheni. Utaona Harambee Plaza na Ukulima House. Majumba hayo yalisimamishwa na akiba za watumishi wa mshahara, watu waliokatwa kidogo kidogo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na sisi wa reli tuna sababu zaidi. Wazee wetu waliona Shirika la Reli la Afrika Mashariki likivunjika mwaka 1977. Mwaka 2006 reli ikapewa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, na mwaka 2017 mkataba ukafa kabla ya nusu ya safari. Wengi walirudi nyumbani na sanduku la bati. Aliyekuwa na akiba yake katika chama alikuwa na kitu cha kuanzia. Aliyekuwa na kadi ya benki tu alibaki na kadi.

Sasa nitasema lile ambalo wapinzani wangu wanalingojea. Wanasema, "Sacco zinaliwa!" Kweli, zimeliwa. Kuficha ni kuwasaidia wezi. Muungano wa Sacco zetu, KUSCCO, ulioanzishwa mwaka 1973, ulichukua fedha za vyama vingi, na mwaka 2025 ripoti ya wakaguzi ilionyesha shilingi bilioni 13.3 zimepotea. Hizo ni jasho la watu kama sisi. Na katika miaka ya 2014 na 2015 Sacco kubwa ya walimu iliingiza akiba katika kununua benki, ile iliyoitwa Spire baadaye. Ilikula hasara mwaka baada ya mwaka, mpaka mwanzo wa 2023 wateja wake wakahamia Equity. Chama cha watu kilitaka kuwa benki, kikapata ugonjwa wa benki.

Lakini je, benki hazianguki? Dubai Bank ilianguka Agosti 2015, Imperial Oktoba 2015, Chase Aprili 2016. Tofauti moja ni lazima tuikubali: mwenye akiba katika benki amelindwa na bima ya Serikali, ambayo tangu 2020 ni mpaka shilingi 500,000. Sheria ya Sacco ya mwaka 2008 nayo ilitaja mfuko wa kulinda akiba, lakini miaka mingi ikapita bila mfuko kuanza kazi. Hilo ni dai la kupiga kelele, na vyama vya wafanya kazi ndivyo vinavyotakiwa kuwa mbele. Tofauti ya pili ni yetu: benki ikiliwa, hatukuwa na mlango wa kuingia kuzuia. Sacco ikiliwa, mlango ulikuwepo, sisi ndio hatukuingia. Mkutano mkuu wa mwaka unaitwa, tunakwenda kula soda na kupokea nauli, hesabu zinasomwa kwa dakika kumi, tunapiga makofi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wezi hawakuvunja dirisha, tuliwapigia kura.

Tena kuna wezi wa namna nyingine. Kuna mwajiri anayekukata mshahara kwa ajili ya Sacco halafu hapeleki. Karatasi ya mshahara inaonyesha umelipa, daftari la chama linaonyesha una deni. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 kiliandika wazi: mwajiri asiyepeleka ndani ya siku saba alipe pesa hizo pamoja na riba isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi juu ya riba. Kwa nini hatumdai? Kwa sababu kila mtu analia peke yake. Hapo ndipo chama cha wafanya kazi na chama cha akiba vinapokutana. Kimoja kinapigania shilingi iingie, kingine kinailinda isitoke ovyo.

Basi tufanye nini? Sikuambii ufunge akaunti kesho asubuhi kwa hasira. Fanya hivi:

Kwanza, uliza kama Sacco hiyo ina leseni ya SASRA, ambayo kila mwaka hutangaza orodha yake. Isiyo na leseni ya kupokea amana usiipe mshahara wako kupitia humo.

Pili, anza na kiasi usichoweza kukijutia. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba yako. Jua pia kwamba akiba hiyo hutoki nayo ukitaka chai. Unaipata ukijitoa katika chama. Ndiyo nguvu yake.

Tatu, usiweke sahihi ya udhamini kwa sababu ya aibu. Rafiki akitoroka, wewe utakatwa.

Nne, makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007 inakulinda hapo, usiivunje mwenyewe.

Tano, nenda mkutano mkuu ukiwa umesoma hesabu. Uliza mikopo ya wakubwa wa kamati ni kiasi gani, na inalipwa? Akikasirika, huyo usimchague. Na viongozi wetu wa chama cha wafanya kazi, tunawaheshimu, lakini msishike viti vya kamati ya akiba pia. Mtu mmoja asishike bendera na breki pamoja.

Mimi nilihamisha mshahara wangu mwaka juzi. Sijatajirika, bado naishi Dagoretti chumba kimoja na nusu. Lakini Januari hii ada ya shule ililipwa siku ya kwanza, na mwezi wa tatu niliinua mkono katika mkutano nikauliza swali juu ya gari la mwenyekiti. Ukumbi ulinyamaza. Kisha mama mmoja wa ofisi ya tikiti akasema, "Ajibu." Na watu wote wakasema, "Ajibu!"

Ndugu, katika miaka tisa ya benki sikupata kusikia neno hilo hata mara moja.

Ni mimi mwenzenu,
MFANYA KAZI WA KARAKANA YA RELI, NAIROBI