Mfuko wa Plastiki Jela, Gauni la Plastiki Karibu Sana!

Leo naomba tuongelee nguo. Msicheke. Nasema yale magauni, blauzi na sketi zinazojaa soko la Mbinga mjini na kushuka hadi Mbamba Bay na Liuli. Zile ni siasa tupu.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa na mfuko wa plastiki mkononi, kanuni zinasema faini isiyopungua shilingi 30,000, au jela hadi siku saba, au vyote viwili. Mama muuza usipa ufukweni alilielewa somo hilo haraka. Sasa niulize swali la mwanafunzi wa sheria: gauni la poliesta ni kitu gani? Ni plastiki! Linatokana na mafuta ya petroli kama ule mfuko. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Mfuko tunaufunga jela, gauni linapita bandarini na kupigiwa saluti.

Na aliyelitengeneza yuko wapi? Yuko Ulaya anajisifu. Kampuni kubwa za nguo za kike siku hizi zote ni "rafiki wa mazingira", ukisoma lebo unaweza kulia kwa furaha. Mwaka 2022 mamlaka ya Uholanzi inayolinda walaji iliibana H&M kwa maneno kama "Conscious" yasiyoeleweka. Kampuni ikaahidi kuyarekebisha au kuyaondoa, na kuchangia euro 500,000 kwa shughuli za mazingira. Na msisahau Rana Plaza, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013: jengo la viwanda vya nguo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wasichana wa umri wetu waliokuwa wakishonea kampuni za Magharibi. Huo ndio mwanzo wa safari ya gauni. Mwisho wake ni huku kwetu.

Kila mtu anajua belo linavyouzwa. Limefungwa. Mama anatoa mtaji wake, pengine wa VICOBA, analifungua akiomba Mungu. Zikitoka nzuri, sawa. Zikitoka zilizochanika na kupauka, hasara ni yake. Hamrudishii mtu, hamshitaki mtu. Zile zisizouzika zinageuka madekio, zinachomwa au zinatupwa korongoni. Tuko milimani, mvua ikinyesha vinashuka na maji, na baadhi ya mito ya Umatengo inaelekea Nyasa.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita kama 700 na mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire kule Malawi. Maji yake mengi yanaondoka kwa kupaa hewani. Plastiki haipai. Na poliesta kila ikifuliwa inaachia vinyuzi visivyoonekana kwa macho. Tunafulia wapi, makamanda? Ziwani. Usipa na mbasa tunavua wapi? Humo humo.

Sasa njoo kwenye sheria. Ngaka, wilayani Mbinga, kuna mgodi wa makaa wa Tancoal, ambao Serikali ina hisa asilimia 30 kupitia NDC. Tangu marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Hiyo siyo hisani ya madawati na picha za kamera. Ni sheria. Utekelezaji tutaugombania siku nyingine, lakini angalau mwananchi wa Ntunduwaro ana kifungu cha kushika mkononi. Mama wa belo ana nini?

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, Marekani ikatishia AGOA. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Sisi tukanywea. Haya, kunywea naweza kuelewa. Nisichoelewa ni Serikali ya CCM kujua mambo mawili tu: kupiga marufuku au kufungua geti lote. Njia ya katikati hawaijui?

Najua mtaniambia: "Dada, unataka mama zetu walale njaa?" Hapana. Mimi mwenyewe navaa mitumba, na ada za wengi wetu zimetoka kwenye meza ya mitumba. Sitaki marufuku. Nataka bili impate anayestahili. Ufaransa tangu 2007 iliweka kisheria kwamba anayeingiza nguo sokoni achangie gharama za kuzikusanya na kuzichambua zikichoka. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya umeamua nchi wanachama zote zifanye hivyo. Safi sana! Ila nguo ikivuka bahari kuja kwetu, ule mchango haupandi meli. Wao wanabaki na pesa, sisi tunabaki na matambara.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kanuni chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, ambayo tayari inatambua kwamba mchafuzi hulipa. Zimguse mwingizaji mkubwa wa makontena. Mama wa meza na machinga wasiguswe.

2. Belo litakalojaa nguo zisizovalika arudishiwe aliyeliingiza, na mama apewe pesa yake.

3. Sehemu ya ushuru wa forodha wa mitumba ishuke hadi halmashauri za Mbinga na Nyasa kwa ajili ya dampo la maana.

4. Serikali ikikaa na Ulaya idai mchango ule ufuate nguo.

Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinakuruhusu wewe kwenda mahakamani kuitetea. Lakini kabla ya mahakama kuna mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, na baraza la madiwani ambalo ni haki yako kulihudhuria. Nenda. Nyoosha mkono. Muulize diwani: mfuko wangu mna faini yake, gauni lao je? Akikosa jibu, andika jina lake. Siku ya kura itakuja.

Dada yenu wa Mbinga, mwanafunzi wa sheria.