Theluji Kidogo Tu, Highway Inafungwa: Mbona Kusini mwa Marekani Hulemewa Hivi?

Kila mara video za Texas ama Georgia zikianza kusambaa, ndai zikiteleza kama sabuni kwa karai, komenti huwa ni zile zile: "Hawa nao, theluji kidogo tu na wameshindwa?" Watu wa Chicago ndio hucheka zaidi. Lakini wasee, hii stori si ya uoga.

Cheki Atlanta, 28 Januari 2014. Theluji ilikuwa kama sentimita 5 hivi, haifiki hata kwa kifundo cha mguu. Ngori ilianza pale ofisi, shule na serikali zote ziliachilia watu mchana, karibu wakati mmoja. Malori ya chumvi yakakwama kwa jam ile ile yalifaa kuokoa. Watoi maelfu walilala shuleni, wengine kwa basi, na kuna mtoto alizaliwa ndani ya gari kwa barabara ya I-285. Gavana Nathan Deal ilibidi aombe msamaha. Kama unajua vile Thika Road hukaa mvua ikinyesha jioni, hapa hauhitaji kuelezwa sana. Kilichofunga barabara ni watu wote kutoka job pamoja.

Fort Worth, Texas, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi ya 11 Februari 2021, giza bado, mvua ya barafu ilinyesha kwa I-35W. Gari zaidi ya 130 ziligongana, watu sita wakafa. Barabara ilikuwa imepakwa maji ya chumvi, sawa, lakini karibu siku mbili kabla. Wachunguzi wa NTSB walisema waliosimamia hiyo sehemu hawakufuatilia hali ya barabara inavyofaa.

Na hapo kuna kitu madere wengi wa nchi za joto hawajawahi kufunzwa: daraja huganda kabla ya barabara ya kawaida. Lami iliyolala juu ya udongo inapata joto la ardhi kidogo, lakini daraja linapigwa na upepo baridi juu na chini. Barafu yenyewe iko wazi kama kioo, wewe unaona lami nyeusi unadhani ni maji tu. Ukikanyaga breki, umeshachelewa. Na hiyo four-wheel drive unajivunia husaidia gari kutoka, haiisaidii kusimama.

Sasa linganisha na Louisiana, Januari 2025. Ofisi ya hali ya hewa ya Lake Charles ilitoa onyo la dhoruba kali ya theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake. Tarehe 21, New Orleans ikapata karibu sentimita 20. I-10 ikafungwa, sehemu ndefu kabisa, kutoka mpaka wa Texas kuelekea mashariki. Ukiangalia ramani unaelewa mbona. Kati ya Lafayette na Baton Rouge, hiyo highway inavuka kinamasi cha Atchafalaya juu ya daraja la karibu kilomita 29. Kilomita 29 za kitu kinachoganda kwanza!

Kuzunguka je? Barabara ndogo za kando ziko na barafu pia, na madaraja yao pia. Ukitaka kupanda I-49 ukashike I-20, Lafayette hadi Shreveport pekee ni zaidi ya kilomita 300, na bado hujaanza kuelekea mashariki.

Kwa maoni yangu, Louisiana ilifanya poa kufunga. Jimbo linaloona theluji kwa nadra haliwezi weka chapaa kwa mamia ya magari ya kuisukuma, yakae tu yakishika kutu. Kufunga mapema ni rahisi na kunaokoa maisha.

Shida ni nani analipia hiyo siku. Mtu wa ofisi anafungua laptop akiwa kwa keja. Dere wa trela wengi wao hulipwa kwa maili, na maili sifuri ni doo sifuri, huku deni la lori likiendelea kama kawaida. Wakenya wako wengi Dallas na Atlanta, na si wachache walio kwa hiyo kazi. Kwa hivyo binamu yako akikuambia amepark siku ya tatu na pesa ya mwezi huu itachelewa, usimjibu na emoji ya kucheka.